Mshono Chini ya Tangi

Idara ya Fizikia,
Chumba cha chini, jirani na stoo ya gesi,
Jumanne asubuhi.

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi mahali penye upepo, mgongo haukusumbui, na dawa ya macho unaitia kwa wakati wake bila kungoja kugombezwa. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala vizuri, na ukiambiwa nimepungua ujue ni ngazi za jengo hili, wala si shida. Shangazi naye, ambaye najua ndiye anayekusomea, namwamkia kwa heshima zote. Shikamoo Shangazi. Nakuomba uvae miwani, usome polepole, na usiruke mistari kama ulivyoruka mwaka jana pale nilipouliza habari za sukari yako. Baba aliniambia sehemu ile hakuisikia kabisa.

Ningeweza kupiga simu, lakini simu zako Baba zina maneno matatu tu: hujambo, umekula, haya. Nilicho nacho safari hii hakienei humo.

Mara ya mwisho uliniuliza hawa wasomi wananifanyisha kazi gani hasa, nami nikakujibu juujuu. Leo nakujibu sawasawa. Mimi ni fundi wa maabara. Wao wanafikiri, mimi nahakikisha kilichofikiriwa kinawaka. Chumba chetu kiko chini ya jengo, kina sakafu ya saruji iliyopakwa rangi ya kijivu, na kuta zimejaa mabomba. Katikati limekaa tangi la chuma kisichoshika kutu, urefu wake kama kitanda cha mtoto, lenye madirisha matatu ya kioo kinene. Tunavuta hewa yote itoke, tunatia gesi ya agoni kidogo mno, kisha tunapitisha umeme. Gesi ikipata umeme wa kutosha haibaki gesi tena. Inavunjika vipande vipande vyenye chaji na kuwaka rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo plazma. Si ile ya damu, Shangazi. Na wewe Baba umeishi nayo miaka thelathini na tisa bila mtu kukutajia jina lake, maana ule mwale uliokuwa ukiruka kati ya ncha yako ya kuchomelea na chuma ulikuwa plazma hiyohiyo. Wanafunzi wapya wakija huwa nawaambia kwamba baba yangu aliifuga kabla yao kuzaliwa.

Ila ndani ya tangi plazma ina vituko. Ukiiweka katika hali fulani, mwanga wake haukai sawa. Unajigawa, ng'avu, giza, ng'avu, giza, kama pingili za muwa, na pingili zile zinatembea. Kwa nini zinatembea, na zinaanzia wapi, ndilo swali lililomweka mwanafunzi wetu mmoja hapa miaka mitatu. Anasomea udaktari wa fizikia, ana watoto pacha, nasi sote tunamwita Mama Pacha. Najua utauliza pingili hizo zinaliwa. Haziliwi, Baba. Lakini anasema atakayezielewa ataweza kutumia mwanga huo kuua vijidudu kwenye vyombo vya hospitali bila kuvichemsha, na mimi namwamini, maana si mtu wa maneno mengi.

Mwezi wa pili tukapata wageni wawili kutoka chuo cha mbali, waliokuja kumsaidia kupima. Mkubwa wao ni profesa, mama mtu mzima, mrefu, nywele nyeupe tupu, ambaye huchomeka kalamu kwenye nywele kisha akazitafuta mezani. Kiswahili alijifunzia kitabuni. Siku ya kwanza alimkuta mlinzi wa getini, akamwambia kwa sauti kubwa, "Marahaba!" Mlinzi akaona jibu limetangulia, ikabidi kwa adabu atafute swali lake. Mwenzake ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, ambaye alipoingia tu aliandika ubaoni namba 42, hesabu ya siku watakazokaa. Kila asubuhi aliifuta akaandika pungufu yake. Tukamwita Kalenda, naye jina akalipenda.

Walikuja na kipimo chao, sanduku dogo linalotazama mwanga kupitia dirisha la tangi na kusema joto lake ni kiasi gani na kuna gesi gani ndani. Sisi hatuna kipimo kama hicho. Kilikuja nao na kingeondoka nao. Mama Pacha alikuwa amekingoja tangu mwaka wa kwanza, na muda wake wa masomo ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Asipopima na wageni hawa, hapimi tena.

Basi ubaoni ilipofika 38, tangi likagoma. Pampu inavuta, inanguruma, mshale wa geji unashuka mpaka mahali fulani unasimama kama punda. Maana yake hewa inaingia kutoka nje. Tuliwasha hivyohivyo kuona itakuwaje, na badala ya zambarau tukapata wekundu mchafu wa hewa ya kawaida. Pingili hakuna.

Kutafuta mahali hewa inapopenyea ni kazi yangu, nami niliifanya siku sita. Nilifungua kila kifuniko, nikabadilisha pete za mpira, nikasafisha kila nati. Mwisho nikachukua pamba na spiriti, nikawa napangusa tangi kwa nje, mshono baada ya mshono, huku Mama Pacha akiutazama mshale, maana spiriti ikipenya ndani mshale huruka. Nilikuwa nimelala chali chini ya tangi, spiriti inanidondokea shingoni, aliposema kwa sauti ndogo, "Hapo. Rudia." Nikarudia, mshale ukaruka. Ilikuwa kwenye shingo ya bomba la chini, mahali mwenye kiwanda alipounga chuma kwa pupa. Palikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, urefu wa ukucha.

Kuupata ni jambo moja, kuuziba ni jingine. Waliotengeneza tangi walijibu kwamba tulirudishe kwao, miezi minne. Tukapaka gundi maalumu. Ilishika siku mbili, kisha tangi lilipopata joto gundi ikaanza kutoa moshi wake ndani, na kipimo cha wageni kikaona uchafu kuliko plazma. Tukaibandua. Nikaenda kwenye karakana inayotengeneza matangi ya maziwa, nikijua hao wanaunga chuma chembamba kila siku. Nikamkuta fundi wao mkuu ameketi mlangoni, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameanguka ngazini. Vijana wake, alisema mwenyewe, ni wazuri kwa tangi la maziwa, kwa kuwa maziwa ni mazito na hayana kinyongo, ila hewa itapita popote walipopita wao. Akasema tukipata mtu wa kushika, mashine yake tutumie.

Nilirudi na jibu hilo. Ubaoni ilikuwa 14. Mkuu wa idara alikaa kwenye kiti cha kuzunguka akavua miwani. Profesa akazitafuta mezani kalamu zilizokuwa nyweleni. Mama Pacha alisema hakuna neno, atapata njia, kisha akaenda nyuma ya kabati la kemikali, nikamsikia akipenga kamasi. Baadaye alitoka akaanza kuosha vikombe vya chai vya watu wote, hata vilivyokuwa safi.

Hapo ndipo alipojitokeza fundi mmoja. Hakuwa mbali. Alikuwa amesikia habari yote tangu mwanzo, akanyamaza muda wote huo kwa sababu zake, mpaka vikombe vile vikamshinda. Akamwendea mkuu wa idara akasema anaweza kuunga.

Mkuu alikataa katakata. Ni mtu mzuri, lakini ni mtu wa mafaili. Alisema fundi huyo hana cheti cha kuchomelea, na chuma kile kimekonda. Akitoboa, ufa wa ukucha utakuwa tundu la kupitisha ngumi, na tangi ni moja tu. Profesa akaomba kuuliza swali. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Wewe, nani alikufunda?" Fundi akajibu kwamba alifundwa na mtu ambaye siku hizo alikuwa haoni tena mwale, akawa anasikiliza tu. Profesa akamgeukia mkuu, akasema kabla ya kukataa mtu, mpe chuma.

Wakampa kipande cha mfuniko wa zamani kilichokatwa katikati. Mwenye karakana ya maziwa alikuja mwenyewe na mashine, akaketi kwenye stuli na mkono wake wa plasta. Najua Baba sasa umeinama mbele, unataka kujua alishikaje. Tulia, nakuhadithia.

Kwanza aliinoa ncha kwa urefu wake, si kwa kuizungusha. Alisugua chuma kwa brashi mpya ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, akapangusa kwa spiriti, asiguse tena kwa vidole. Aliweka gesi upande wa nyuma pia, ili mgongo wa mshono usiungue. Kisha akashusha kinyago, akawasha. Na moto wake, Baba, haukupiga kelele. Ulifanya fsss, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, mwanzo mpaka mwisho. Kipande kilipopoa, mwenye karakana alikigeuza, akakitazama mgongo, akakipeleka dirishani akakitazama tena. Akasema, "Mkono huu haukufundwa na cheti. Umefundwa na mzee mkorofi." Mkuu wa idara akavaa miwani, akatia saini.

Jumatano, saa tatu asubuhi, ubaoni ikiwa 12, tuliligeuza tangi chali juu ya magodoro mawili ya hosteli. Fundi alichimba ule ufa wote mpaka penye chuma kizima, akakishikiza chuma kwa vituo vinne vidogo vya moto, viwili vikitazamana na viwili vikitazamana, shingo isije ikapinda. Kisha akaunga upana wa kidole, akaacha. Akangoja mpaka chuma kinashikika, akaunga upana wa kidole tena, upande wa pili. Kazi ya dakika kumi ilichukua saa mbili na nusu. Katikati jasho liliingia jichoni, akasimamisha moto, akaondoka kabisa kwenye tangi, akanawa uso, akarudi. Kalenda aliniambia baadaye kwamba yeye hakupumua mpaka saa sita.

Mchana tukaunganisha pampu. Hakuna aliyekwenda kula. Mshale ulishuka, ukafika mahali pake pa ugomvi, ukapapita kana kwamba hapajui. Ukaendelea kushuka. Mama Pacha alikuwa anasoma namba kwa sauti, na alipofika ile ambayo hatujawahi kuiona tangu tangi liwe jipya, akairudia mara mbili. Tukatia gesi. Tukawasha. Zambarau safi ikajaa madirisha yote matatu, na mkuu wa idara alipogeuza swichi ya umeme polepole, pingili zikajipanga moja moja kutoka kulia, zikaanza kutembea. Profesa alipiga makofi mara moja, akasema, "Pole sana!" Alitaka kusema hongera. Tulicheka mpaka Kalenda akakaa sakafuni.

Siku kumi na mbili zile walipima kuliko walivyopanga kwa arobaini. Mama Pacha ana namba zote anazohitaji na nyingine za akiba. Amegundua kwamba pingili huanzia ukutani, siyo katikati kama vitabu vilivyodhani, na Profesa anasema jambo hilo litasemwa na watu. Wageni waliondoka wiki iliyopita. Kalenda aliandika 0 ubaoni, hatujaifuta. Mama Pacha anaandika tasnifu yake kwenye meza iliyo mbele yangu wakati huu, na anaimba, na hajui kuimba.

Sasa Baba, nisikilize. Shangazi, hapa usiruke hata neno moja, nakuapisha kwa huo urafiki wetu.

Fundi huyo ni mimi.

Sikusahau. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu siku uliyorudi kwa daktari wa macho na bahasha. Ulinipeleka karakana, ukaniwekesha kiganja juu ya fuawe, chuma kikiwa baridi, ukaniapisha kwamba sitawasha moto ule maisha yangu yote. Ukasema kalamu haiunguzi macho. Niliapa. Nikaenda kusoma kama ulivyotaka, na kusoma nimesoma.

Lakini kiapo nilikivunja mapema kuliko unavyodhani, si Jumatano ile. Wewe ulikuwa ukikaa mlangoni ukiwasahihisha wanafunzi wako kwa masikio, ukiwaambia moto wa agoni ukipiga kelele basi umekosea, na mimi nilikuwa dirishani na daftari la hesabu. Nilisikia kila neno. Nilipofika miaka kumi na sita sikuweza kusikia tu. Mchana ukila na kulala, nilikuwa naingia karakana na kuunga vipande vya masinki vilivyobaki, saa nzima, siku tatu kwa wiki, miaka miwili. Ufunguo ulikuwa kwa Shangazi. Ndiyo, Shangazi, soma. Ndiye aliyenipa, na ndiye aliyekuwa akikaa sebuleni akisugua sufuria kwa kelele ili usisikie mashine. Usimlaumu. Nilimlilia wiki mbili.

Unakikumbuka kile kitako cha chuma cha kuwekea sufuria kilichoko jikoni? Siku moja ulikigusa ukitafuta chumvi. Ukapitisha kidole gumba kwenye mshono wake kwenda na kurudi, ukauliza nani kaunga. Shangazi akasema kaletewa na mpita njia. Ukasema, "Huyo mpita njia ana mkono. Angekuja nimfundishe." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Baba, sijawahi kusifiwa na mtu kama nilivyosifiwa siku ile, na sikuweza kujitokeza kusema asante. Miaka kumi na minane nimekaa na sifa hiyo na uongo wake, vyote mfuko mmoja.

Macho yangu ni mazima. Kinyago changu ni cha kisasa, hujifanya cheusi chenyewe, na daktari ananipima mara mbili kwa mwaka. Sisemi hivyo kujitetea. Nilikudanganya ukiwa huoni vizuri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kiapo chenyewe. Naomba unisamehe.

Nakuambia leo kwa sababu mbili. Profesa aliniuliza jina lako, nikampa, naye ameliandika katika makala yao, mwishoni, pale wanapowashukuru watu. Ameandika kwamba kazi isingewezekana bila fundi wa kuchomelea aliyemfunda binti yake kwa masikio. Litasomwa na watu wasiotujua, na sikutaka wewe uwe wa mwisho kusikia. Sababu ya pili, mkuu wa idara anataka tujenge tangi jingine hapahapa, kubwa zaidi, mishono yote iwe yangu. Nimemwambia nitauliza nyumbani. Alicheka, akidhani natania. Sikutania. Mashine nimeifunika turubai, na turubai halitoki mpaka niwe nimesikia neno lako.

Ukikataa nitaelewa, nitabaki na pampu zangu na nitakuwa na furaha, maana kazi hii naipenda yote. Ukikubali, nina ombi juu ya ombi: njoo. Chumba changu kina vitanda viwili, kituo cha basi kiko mbele ya mlango, na Shangazi anatamani safari tangu mwaka juzi. Nitakuwekea kiti karibu na tangi. Nikikosea, utasikia.

Wasalimie majirani wote, na wale wanafunzi wako wa zamani wakipita waambie nawakumbuka, hata yule aliyekuwa akikaanga chuma badala ya kukiunga. Mama Pacha na watoto wake wanakuamkia. Profesa naye alipoondoka aliacha salamu zako, ameniagiza nikuambie "marahaba", na nimeshindwa kumsahihisha.

Shangazi, ukimaliza kusoma usimuulize jibu palepale. Mpe chai kwanza, ukae naye, anyamaze anavyotaka kunyamaza. Akianza mwenyewe kuuliza chuma cha tangi jipya kina unene gani, mwambie ni milimita tatu, kisha unipigie simu.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako mkaidi,

Cheche